Bendi mpya ya gereji: shajara ya santuri yetu ya kwanza

Februari, mwanzoni

Bendi ya zamani tumeagana vizuri. Mwimbaji kapata kazi Dodoma, mpiga kinanda kahamia Mbeya na familia yake, na mimi nimebaki na gitaa, ampilifaya moja na daftari la nyimbo ambazo bendi ile haikuzihitaji. Tulikuwa tunapiga harusi na hoteli, kopi za rumba na zilipendwa mpaka vidole vinakufa ganzi. Nilijifunza mengi pale. Sasa nataka kupiga vya kwangu.

Mpango ni bendi ya watu wanne: gitaa, besi, dramu na mwimbaji, na wote tuitikie. Nyimbo fupi za kuimbika, zenye kiitikio ambacho mtu anakidaka mara ya kwanza, na juu yake gitaa lenye mkwaruzo ambalo hakuna aliyelisafisha. Hakuna mdundo wa kompyuta. Mwisho wa mpango ni santuri ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande.

Nimekuwa nikisikiliza sana bendi za vijana wa Marekani za katikati ya miaka ya 1960, wale waliojifungia kwenye mabanda ya magari ya wazazi wao baada ya kuwaona The Beatles kwenye televisheni Februari 1964. Walionikamata ni The Sonics wa Tacoma. Dramu zao zinagonga kama mtu anavunja mlango, mwimbaji anapasua koo, na wimbo unaisha kabla hujakaa vizuri. Karibu zaidi na sisi kuna WITCH wa Zambia, ng'ambo ya Tunduma tu, na Emmanuel "Jagari" Chanda mbele yao, wakilivuruga gitaa kwa fazi, kifaa cha kuukwaruza mlio, miaka ya 1970. Na wa kwetu wapo: Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa, Afro 70 ya Patrick Balisidya hapa Dar es Salaam, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kule Tanga. Hawafanani, ila wote ninawasikia wakipiga pamoja, chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Hicho ndicho ninachokitafuta, na sitaki kukitengeneza kwa ujanja baadaye.

Februari, mwishoni

Mahali tumepata. Mjomba ana gereji Ilala, mafundi wanaondoka kabla ya magharibi, na ametukabidhi funguo kwa masharti mawili: spana zisiguswe, na saa tatu usiku kelele iwe imekwisha. Adhana ya isha ikianza tunazima vyombo, tunakunywa maji, tunasubiri watu watoke msikitini. Mapumziko hayo yametusaidia, maana ndiyo muda wa kuongea kuhusu wimbo badala ya kuupiga tu.

Paa ni bati tupu na sakafu ni zege, kwa hiyo siku ya kwanza kila kitu kilirudi kama mwangwi wa kisimani. Tulichofanya ni kupanga matairi chakavu matatu matatu kuzunguka dramu, tukatandika magunia kwenye ukuta wa nyuma ya besi. Sauti imetulia, ila haijafa. Ukipiga ngoma ya mkono, ile ndogo ya kwenye dramu, unasikia bati linajibu kidogo sana juu, na hilo nimesema tuliache.

Mpiga besi ni fundi umeme wa gereji hiyohiyo. Alikuwa anabaki kutusikiliza, siku moja akauliza kama anaweza kushika. Mpiga dramu ni dada kutoka Temeke aliyejifunzia kwaya ya kanisani kwao. Ana mguu mzito na hakimbizi wimbo hata kidogo. Mwimbaji ni kijana anayeuza vitambaa Kariakoo. Kutwa nzima anaita wateja na jioni sauti bado ipo. Jina la bendi tunalo, ila tumekubaliana lisitoke nje mpaka tupige mbele ya watu.

Machi

Nilikwenda Magomeni kumwona mzee mmoja aliyepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi miaka ya 1970. Nilimpelekea rekodi ya simu ya mazoezi yetu. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani kana kwamba sauti nayo inasomwa, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno.

"Mwanangu," akasema, "gitaa lako linaongea sana. Huyu kijana akianza kusema, na wewe unasema. Nani asikilizwe?"

Nikamweleza kwamba nina gitaa moja tu, wakati wao walikuwa na solo, second solo na ridhimu, kila mtu na njia yake. Akaomba gitaa. Akaonyesha: wakati wa kuimba, shika nyuzi tatu nyembamba tu, piga kwa kukata, kiganja kikizima mlio hapohapo, na usiguse nyuzi nene kabisa kwa sababu huko kuna besi. Mwimbaji akimaliza mstari, hapo sasa jibu, noti tatu au nne, rudi. Nimeshinda wiki nzima na hilo. Ni gumu kuliko solo lolote nililowahi kupiga, na limebadilisha nyimbo zote kwenye daftari.

Nilimuuliza pia jinsi walivyorekodi. Studio ilikuwa ya RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Bendi inaingia nzima na kupiga nzima. Mmoja akikosea wote wanarudia kuanzia mwanzo. Hakuna kurudi kubandika solo. Vyombo havikuwa vyao, kwa sababu bendi nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wengine wakafuata kwenye mashirika na jumuiya za vijana. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na akihama bendi gitaa analiacha.

Kilichonikaa moyoni ni hiki. Nyimbo alizopiga zilirekodiwa kwa ajili ya redio, na nyingi ziliishia kwenye kanda za redio. Zilizobahatika kuwa santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983 njia hiyo ikawa ngumu zaidi. Mzee hana nakala hata moja ya wimbo aliopiga yeye. Akitaka kujisikia, anasubiri redio imkumbuke. Ndiyo maana nang'ang'ania santuri. Nataka kila mmoja wetu wanne awe na kitu cha kushika, chenye jina lake nyuma ya jalada, ambacho hakihitaji bando wala ruhusa ya mtu kukisikiliza.

Aprili

Masika imeanza. Mvua ikinyesha juu ya bati hata dramu hazisikiki, kwa hiyo tunakaa kwenye gari bovu lililosimama humo ndani na kukata nyimbo kwa kalamu.

Upande wa kwanza utakuwa wimbo wa pantoni. Kijana amechelewa kivuko cha Kigamboni, binti yuko ndani ya chombo, wanatazamana maji yakiongezeka katikati yao. Kiitikio ni hiki:

Sasa sisi siyo siri,
siyo siri tena,
pwani nzima yatazama,
na wewe wacheka.

Ulikuwa na dakika 5 kasoro. Beti tatu, utangulizi mrefu wa gitaa, sebene mwishoni, ile sehemu ya kuchezea ambapo gitaa linaongoza. Kwenye hoteli hiyo ni sawa kabisa, watu wanacheza. Kwenye inchi 7 hesabu ni nyingine. Upande mmoja kwa mizunguko 45 unabeba dakika nne na kidogo bila kulalamika, lakini kadiri wimbo unavyorefuka ndivyo mfuo inamopita sindano unavyobanana na mwenzake, na ili isigongane lazima sauti ishushwe. Wimbo mrefu unatoka mdogo, na makwaruzo ya santuri yanaanza kuusumbua. Wimbo mfupi unachongwa kwa nguvu. Kampuni ya RCA Victor ya Marekani walipoleta sahani hizi mwaka 1949 walikuwa wanafikiria wimbo mmoja mmoja, na ufupi ule ukaingia kwenye muziki wenyewe. Bendi zetu za miaka ya 1970 zilipata dawa yao: wimbo unagawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu, unageuza, sebene linaendelea upande wa pili. Naipenda dawa hiyo na siku moja tutaitumia. Kwa sasa nataka nyimbo mbili.

Tukaanza kukata. Utangulizi umebaki mizunguko miwili ya gitaa, halafu dramu zinaingia na mwimbaji papo hapo. Beti ya tatu ilizua mjadala mkali, kwa sababu mwimbaji ndiye aliyeitunga na ina mstari mzuri kuhusu viatu vilivyolowa. Dada wa dramu ndiye aliyetuamua: mstari wa viatu uhamie beti ya pili, beti ya tatu iondoke. Sebene tumelileta katikati, fupi, besi na gitaa wakikimbizana, kisha kiitikio cha mwisho kinapigwa mara mbili na wote tunaacha kwa pamoja. Dakika 2 na sekunde 40. Nilipousikia ulivyokatwa nilitaka kuupiga tena hapohapo, na sikuwa peke yangu.

Mei

Kurekodi. Rafiki ametuazima mashine ya njia nne, yaani inayorekodi sauti nne kila moja kivyake, kwenye kanda ya kaseti, ukoo wa ile Portastudio ambayo TEAC waliitoa 1979. Kanda ya kawaida inapigwa pande mbili. Hii inatumia upana wote kwa upande mmoja, na inakimbia mara mbili ya kasi ya kawaida, sentimita 9.5 kwa sekunde, ili sauti ishike vizuri. Maana yake kanda ya dakika 60 inakupa dakika 15 tu. Kanda nzuri hazipatikani kirahisi siku hizi, kwa hiyo hatubonyezi kitufe mpaka wote wanne tuko tayari. Nidhamu hiyo ndiyo niliyoitaka.

Njia ya kwanza ni dramu: maiki moja juu ya kichwa cha dada, nyingine mbele ya ngoma kubwa, zikiunganishwa kabla ya kuingia. Njia ya pili ni besi na gitaa pamoja. Hili watu wengi wameniuliza linafanyikaje. Ukishawaweka pamoja huwezi kumpandisha mmoja bila mwenzake, kwa hiyo uwiano inabidi uwe sahihi chumbani, si kwenye mashine. Tulisogeza ampilifaya ya besi mbele na nyuma, nusu hatua kwa nusu hatua, mpaka alipokaa mahali pake. Njia ya tatu ni mwimbaji, akiimba palepale pamoja na sisi. Ya nne tumeiacha kwa viitikio, hivyo ndivyo pekee tulivyoongeza baadaye, sote tukizunguka maiki moja.

Mkwaruzo wa gitaa hautoki kwenye pedali. Spika ya ampilifaya yangu ina karatasi iliyochanika ubavuni na mpiga besi, fundi wetu, alitaka kuiziba kwa gundi. Nikamwambia habari za mpiga gitaa wa Marekani, Link Wray, aliyetoboa spika yake kwa penseli, na rekodi ikatoka 1958, na Dave Davies wa The Kinks aliyechana ya kwake kwa wembe 1964. Akatikisa kichwa, lakini akaniachia. Ukipiga polepole inakoroma kidogo tu. Ukikaza mkono inachanika vizuri, na noti moja inajaza chumba.

Kulikuwa na mngurumo kwenye kanda ambao hatukuelewa ulikotoka. Tulizima feni, tukabadilisha waya, upo palepale. Fundi wetu ndiye aliyegundua: karakana ya jirani inachomelea mageti mpaka jioni, na kila wakichomelea, mashine yao inaingia kwenye umeme wetu. Nilikwenda kuongea nao. Wakatuambia Jumapili hawafanyi kazi, na mmoja akaomba aje asikilize. Kwa hiyo tulirekodi Jumapili, baada ya dada kutoka kanisani, mvua ikiwa imeacha, na mchomeleaji mageti amekaa juu ya tairi akijizuia asipige makofi kabla wimbo haujaisha.

Wimbo wa pili, wa upande B, ni wa polepole. Sitaandika mengi. Uliingia bila shida yoyote.

Juni

Miksi nimeifanya mono. Kila kitu kinatoka katikati. Sababu ya kwanza ni kwamba ndivyo nilivyousikia kichwani tangu mwanzo. Ya pili ni ya kiufundi: sauti nene ikitofautiana kati ya kushoto na kulia, sindano inalazimika kupanda na kushuka badala ya kwenda pembeni, na kwenye mashine za bei ndogo inaruka. Mono haina tatizo hilo.

Sauti imetumwa kwa fundi wa kuchonga santuri huko Ulaya. Anachonga kwenye sahani ya aluminiamu iliyopakwa laka laini, na sahani hizo zimekuwa za kugombania tangu kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kilipoteketea Februari 2020. Duniani vilikuwa viwili tu vilivyozitengeneza, na kilichobaki kipo Japani. Kutoka kwenye laka hiyo wanapaka fedha, wanaotesha nikeli juu yake kwa umeme, na nikeli ndiyo inayozaa muhuri wa kufyatulia plastiki.

Fundi akatuandikia kuhusu kiitikio. Herufi S. Wakati wa kuchonga, sauti nene hupunguzwa na nyembamba huongezwa sana, kisha mashine ya kusikilizia inarudisha kinyume. Ndivyo santuri zote zinavyofanya kazi tangu miaka ya 1950. Sasa S ni sauti nyembamba kuliko zote za kinywani, ikiongezwa inakuwa kali, na sindano inashindwa kuifuata. Inatoka kama mate. Na sisi tuna "sasa sisi siyo siri, siyo siri tena", tena karibu na katikati ya sahani ambako mfuo unapita polepole chini ya sindano na kila kasoro inaongezeka.

Angeweza kuzipunguza yeye kwa mashine. Nilimwomba asubiri. Kubadilisha maneno sikutaka hata kuyafikiria, kiitikio kile ndicho wimbo. Tukarudi Jumapili nyingine, mwimbaji akageuza uso kidogo ili pumzi ipite pembeni ya maiki, tukafunga penseli wima mbele ya maiki kwa utepe, tukaupiga wimbo wote upya, bendi nzima. S zimelainika. Na kwa maoni yangu dramu za mara hii ni bora kuliko za Mei, kwa hiyo fundi yule ametufanyia hisani mara mbili.

Julai

Pesa. Viwanda vingi vinaanzia nakala 100 au 300, na bei ya nakala moja inashuka kadiri unavyoagiza nyingi, kwa sababu gharama kubwa ni ile ya laka na mihuri. Tumechagua 300. Sahani moja ya inchi 7 ina kama gramu 40, kwa hiyo mzigo mzima bila majalada ni kilo 12 hivi; usafirishaji unabebeka. Bandarini au uwanja wa ndege kuna ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na tumeiweka kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mimi na mpiga besi tumerudi kupiga harusi kila Jumamosi ili kufidia. Dada amepata watu wa kwayani waliolipia nakala zao mapema, ingawa wengi hawana mashine ya kuzichezea. Wanasema watatundika ukutani mpaka wapate. Nimewaahidi kwamba nyimbo zitapatikana kwenye simu pia siku hiyohiyo, na kila santuri itakuwa na namba ya kuzipakulia. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, umekamilika.

Jalada ni picha ya matairi yetu, rangi mbili tu, bluu na nyeusi. Nyuma kuna majina manne, nani kapiga nini, na mstari mmoja: imerekodiwa gerejini, Ilala, wote kwa pamoja.

Agosti

Sampuli zimefika, nakala tano. Tulizipeleka Magomeni kwa sababu mzee ana mashine ya santuri inayofanya kazi, na sindano mpya niliyomnunulia mimi.

Upande wa kwanza ni mzuri. Naandika hivyo bila kupunguza neno: ni mzuri. Gitaa linachanika bila kuuma sikio, ngoma kubwa inasukuma kifua, na lile bati la gereji linasikika kwa mbali nyuma ya ngoma ya mkono, kama tulivyoliacha. S zipo, hazitemi. Mzee alisikiliza, akarudisha sindano mwanzoni mwenyewe, akasikiliza tena. "Sasa anasikika," akasema, akimaanisha mwimbaji. Kisha akamtazama dada wa dramu na kumuuliza alijifunzia wapi.

Upande B una tatizo. Kuna "tik" ndogo kwenye beti ya kwanza, inayojirudia kila sekunde moja na theluthi. Huo ni mzunguko mmoja kamili, maana yake kuna kitu kimoja kinachokutana na sindano kila sahani ikizunguka. Tulizijaribu zote tano. Ingekuwa kwenye nakala moja tu, ningesema ni kovu la nakala hiyo. Iko kwenye zote, mahali palepale, kwa hiyo imetoka kwenye muhuri au kwenye laka yenyewe. Nimeandikia kiwanda kwa urefu, nikataja sekunde inapoanza na inapoishia. Wamejibu kwamba watatengeneza muhuri mpya wa upande huo na kutuma sampuli nyingine bila malipo. Itatuchelewesha wiki kadhaa, na wote wanne tumekubali kusubiri. Watu waliolipia nimewajulisha.

Wakati tunasubiri, mazoezi yanaendelea. Mzee ameomba kuja gerejini, na ana wimbo wake wa zamani ambao haukuwahi kufika kwenye santuri. Ameuimba kwa kumumunya, ameonyesha ridhimu yake, na mpiga besi tayari anaishika. Ni mrefu, una sehemu mbili, na sebene lake haliwezi kukatwa. Tutaugawanya pande mbili, na ridhimu atapiga yeye. Jumatano tunaanza.